Gazeti lipi, jarida lipi? Jinsi ya kutambua chanzo kabla ya kukitegemea

Mtu akikuambia "nimeisoma kwenye gazeti" au "imeandikwa katika jarida," bado hajakuambia mengi. Neno gazeti tunalitumia kwa Taifa Leo linalouzwa stendi ya matatu, na tunalitumia pia kwa Gazeti Rasmi la Serikali linalotangaza sheria na mashamba. Neno jarida nalo limebeba mzigo mkubwa zaidi. Jarida la urembo na malezi ni jarida, jarida la wahasibu ni jarida, jarida la utafiti wa madaktari ni jarida, na hata hili unalosoma sasa tunaliita jarida la kaunti.

Majina yanafanana lakini kazi zake hazifanani. Jambo hili haliwahusu wanafunzi wa chuo na walimu peke yao. Linamhusu mkazi anayeandika maoni yake kwa bunge la kaunti kuhusu Mswada wa Fedha. Linaihusu familia inayofuatilia shamba la marehemu, na mkulima anayetafuta ukweli kuhusu mdudu aliyeingia shambani. Anayetegemea karatasi isiyofaa kwa swali lake hupoteza hoja, na wakati mwingine hupoteza haki.

Makala haya yanaeleza aina kuu za machapisho yanayotoka kwa vipindi, yaani yale yanayotoka toleo baada ya toleo yakiwa na tarehe na nambari, na swali ambalo kila aina inaweza kulijibu.

Gazeti la habari: lilitokea nini, na nani alisema nini

Gazeti la habari hutoka kila siku au kila wiki. Huandikwa na wanahabari na kupitiwa na wahariri, mara nyingi ndani ya saa chache. Nguvu yake ni tarehe. Ukitaka kujua mgomo ulianza lini, gavana alisema nini mkutanoni, au bei ya unga ilikuwa ngapi mwezi fulani, gazeti la siku hiyo ni shahidi mzuri. The Standard lilianza Mombasa mwaka wa 1902 likiitwa African Standard. Kwa hiyo mtafiti wa historia ya Pwani au ya reli hupata humo mambo ambayo hayajaandikwa katika kitabu chochote.

Lakini ndani ya gazeti moja mna vitu vingi tofauti. Habari huripoti kilichotokea. Tahariri hutoa msimamo wa gazeti lenyewe. Safu ya maoni ni mawazo ya mwandishi mmoja. Tangazo ni nafasi iliyolipiwa, na baadhi ya matangazo hupangwa yafanane na habari, yakiwa na alama ndogo tu ya kuonyesha kwamba yamedhaminiwa. Ukinukuu safu ya maoni kana kwamba ni habari, atakayekupinga hatahitaji hoja nyingine. Atasoma tu kichwa cha ukurasa huo.

Jihadhari pia na picha za kurasa za kwanza zinazosambazwa kwa WhatsApp. Ni rahisi kubandika kichwa cha uongo chini ya jina la gazeti linalojulikana. Kabla ya kuituma kwa wengine, linganisha na toleo la siku hiyo kibandani au katika tovuti ya gazeti lenyewe. Ukiona gazeti halisi limekosea au limekuonea, unaweza kupeleka malalamiko kwa Baraza la Vyombo vya Habari la Kenya, ambalo lina tume yake ya malalamiko.

Gazeti Rasmi: kipi ni sheria, na kipi kimetangazwa kisheria

Gazeti Rasmi la Kenya halina habari, picha wala katuni. Hupigwa chapa na Mpiga Chapa wa Serikali jijini Nairobi. Kwa kawaida hutoka kila Ijumaa, na matoleo maalumu hutolewa siku nyingine inapohitajika. Chimbuko lake ni mwaka wa 1899, wakati wa utawala wa Uingereza. Humo huchapishwa uteuzi wa maafisa, miswada, sheria, kanuni, na matangazo ambayo sheria inataka umma uarifiwe. Kila tangazo lina nambari yake.

Watu wengi hawalifungui gazeti hili hadi wapatwe na jambo, na hapo ndipo hasara huingia. Msajili wa ardhi akiombwa kutoa hatimiliki mpya kwa sababu ya zamani imepotea, tangazo hutolewa humo likitaja nambari ya shamba, na mwenye pingamizi hupewa siku 60. Mtu akienda mahakamani kuomba kusimamia mali ya marehemu, tangazo hutolewa pia, na wenye pingamizi hupewa siku 30. Siku hizo zikipita, mtu bado anaweza kwenda mahakamani, lakini atakuwa anapigania kubatilisha kitu kilichokwisha kutolewa. Kuzuia mapema ni rahisi kuliko kubatilisha baadaye.

Sheria za kaunti nazo hupitia mlango huu. Kifungu cha 199 cha Katiba kinasema sheria ya kaunti haianzi kutumika hadi ichapishwe katika Gazeti Rasmi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaongeza kwamba ikishatiwa saini na gavana, ichapishwe ndani ya siku 7 katika gazeti rasmi la kaunti na katika lile la Kenya. Huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa, isipokuwa sheria yenyewe itaje tarehe nyingine.

Hapa kuna mtego mmoja. Miswada nayo huchapishwa rasmi, na mswada si sheria. Ni pendekezo linalosubiri maoni ya wananchi na kura ya wawakilishi wadi. Gazeti la habari linaweza kuandika "Wafanyabiashara kulipa ada mpya" siku ambayo mswada umewasilishwa tu, na habari hiyo ikawa ya kweli kwa maana ya habari. Lakini Kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza kodi au ada ya leseni kutozwa bila sheria. Kwa hiyo mwenye duka anayetaka kujua kama ada imeanza asiishie kwenye kichwa cha habari. Atafute chapisho rasmi na aangalie neno la kwanza: ni mswada au ni sheria? Kisha aangalie tarehe.

Jarida la wasomaji wote, na jarida la watu wa kazi moja

Jarida la wasomaji wote hutoka kila wiki, kila mwezi au kila baada ya miezi kadhaa. Huwa na picha nyingi, matangazo ya bidhaa, na makala marefu yenye masimulizi. Kenya tunalijua jarida la Parents, kwa mfano, linalohusu familia na malezi. Makala ya aina hii hufaa mtu anapotaka kulielewa jambo kwa mara ya kwanza, kwa lugha nyepesi. Yakikuambia kwamba "wataalamu wamegundua," usiishie hapo. Tafuta wataalamu hao ni akina nani na waliandika wapi.

Jarida la watu wa kazi moja huandikiwa wenye kazi hiyo: wahasibu, wahandisi, wakulima, wenye hoteli. Taasisi ya wahasibu wa Kenya, ICPAK, ina jarida lake liitwalo The Accountant. Wakulima wana The Organic Farmer, na upande wa Tanzania kuna Mkulima Mbunifu linaloandikwa kwa Kiswahili. Wenye kuandika humo huwa wanaijua kazi, na utapata mambo ambayo gazeti la kila siku halina nafasi nayo: namna ya kuchanganya mbolea ya mboji, kanuni mpya za ukaguzi, aina ya mashine. Angalia tu nani ametangaza bidhaa zake pembeni. Makala yanayosifu dawa fulani, yakipakana na tangazo la dawa hiyo hiyo, yasomwe kwa macho mawili.

Jarida la kitaaluma: nini kimepimwa, na kilipimwa vipi

Jarida la kitaaluma huandikwa na watafiti kwa ajili ya watafiti wenzao. Kabla makala hayajachapishwa, mhariri huyapeleka kwa wasomi wengine wa fani hiyo wayasome, wahoji takwimu na kudai marekebisho. Kazi hiyo huchukua miezi, pengine zaidi ya mwaka. Ndiyo maana jarida la aina hii haliwezi kukuambia kilichotokea jana.

Utalitambua kwa sura yake. Makala huanza na ikisiri, yaani muhtasari wa aya moja. Huwataja waandishi na vyuo au taasisi wanazofanyia kazi. Hueleza mbinu iliyotumika, huweka majedwali, na humalizia kwa orodha ndefu ya marejeleo. Picha za kupendeza ni chache au hazipo. Eneo letu lina majarida ya aina hii yenye umri mkubwa: East African Medical Journal lilianza mwaka wa 1923, na la utafiti wa kilimo na misitu, East African Agricultural and Forestry Journal, lina mizizi yake katika miaka ya 1930. Kwa upande wa lugha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina jarida la Kiswahili na lile la Mulika.

Kupitiwa na wasomi hakufanyi makala kuwa maandiko matakatifu. Mwaka wa 1998 jarida la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala kuhusu watoto 12, na makala hayo yakaeneza hofu kwamba chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela inahusiana na usonji. Tafiti kubwa zilizofuata hazikuona uhusiano huo, na mwaka wa 2010 jarida lenyewe likayaondoa makala hayo rasmi. Hadi leo kuna wanaoyanukuu. Kwa hiyo ukipata makala ya kitaaluma, angalia kwanza kama hayajaondolewa, kisha uangalie kama wengine walipata matokeo hayo hayo.

Kuna pia majarida ya kujifanya. Yana majina marefu ya kifahari, huahidi kuchapisha ndani ya siku chache, huchukua pesa za mwandishi na hayampi mtu yeyote makala ayapitie. Si kila jarida linalomtoza mwandishi ni la ulaghai, kwani mengi yenye heshima hufanya hivyo ili wasomaji wasome bure. Dalili mbaya ni kukosa wahariri wanaojulikana na kukosa maelezo ya namna makala yanavyopitiwa. Nambari ya ISSN, ile ya tarakimu nane zenye kistari katikati, hutambulisha jina la chapisho tu. Haithibitishi ubora wake.

Mdudu mmoja, karatasi nne

Tuchukue jambo ambalo wakulima wetu wanalijua: viwavi jeshi vamizi kwenye mahindi. Mdudu huyu asili yake ni bara la Amerika.

Mwaka wa 2016 watafiti waliandika katika jarida la kitaaluma la PLOS ONE kwamba amethibitishwa Afrika Magharibi na Afrika ya Kati. Mwaka wa 2017 magazeti ya Kenya yakaandika jinsi alivyokuwa akiharibu mahindi hapa nchini. Anayetaka kujua taharuki ilianza lini na serikali ilijibu nini, asome magazeti hayo. Majarida ya wakulima nayo yakaeleza namna ya kumtambua na kukagua shamba.

Hasara ilikuwa kiasi gani? Mwaka wa 2020 makala katika jarida la Agriculture, Ecosystems & Environment yaliripoti utafiti uliofanywa Kenya kwa majadiliano na wakulima katika jamii 121 za maeneo ya mahindi. Makadirio yalikuwa kwamba hasara ilifika kama theluthi moja ya mavuno ya mwaka, karibu tani milioni 1. Mwaka mmoja kabla ya hapo, jarida la Crop Protection lilikuwa limetoa makala ya watafiti waliokagua mashamba yenyewe mashariki mwa Zimbabwe. Wao walikadiria hasara ya chini ya asilimia 12.

Ni nani mwongo? Hakuna. Nchi si moja, misimu si mmoja, na mbinu si moja: hawa waliwauliza wakulima, wale waliingia mashambani kuhesabu. Jarida la kitaaluma ndilo linalokuwezesha kuona tofauti hiyo, kwa sababu linaeleza mbinu. Gazeti likichukua namba moja na kuiweka kwenye kichwa cha habari, maelezo hayo hupotea njiani.

Sasa fikiria wakulima wa wadi moja wanaotaka fedha za kukabiliana na mdudu huyu ziongezwe kwenye bajeti ya kaunti. Wakiandika "tumeona kwenye gazeti kwamba mahindi yanakwisha," maoni yao ni rahisi kuwekwa kando. Wakiandika "utafiti uliofanywa kwa kuwauliza wakulima katika jamii 121 za Kenya ulikadiria hasara ya theluthi moja ya mavuno," wakaongeza hesabu ya magunia waliyovuna wenyewe msimu uliopita, kamati italazimika kujibu. Na kama swali lao ni dawa gani inyunyizwe wiki hii, hakuna hata moja ya karatasi hizo inayotosha. Hilo ni la afisa wa kilimo wa nyanjani na orodha ya dawa zilizosajiliwa nchini.

Jarida la taasisi, likiwemo hili

Mashirika, makanisa, kampuni na serikali hutoa majarida yao ya kuarifu umma. Faida yake ni kwamba taarifa inatoka kwa mwenyewe: tarehe ya mkutano wa kutoa maoni, mahali pa chanjo, mwisho wa kuomba basari. Udhaifu wake ni kwamba mwenyewe ndiye anayejieleza, na ni nadra mwenye kujieleza kuanza na yaliyomshinda.

Kanuni hiyo inatuhusu na sisi. Jarida la kaunti linafaa kukuambia serikali ya kaunti inasema nini na inakualika wapi. Ukitaka kupima kama fedha zilitumika ilivyopangwa, usitegemee sisi pekee. Soma ripoti za Msimamizi wa Bajeti, ambazo hueleza utekelezaji wa bajeti za kaunti zote kila mwaka wa fedha unavyosonga, na ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Afisi hizo mbili ni huru kikatiba na ripoti zake huwekwa wazi kwa umma.

Maswali sita ya kujiuliza

Ukishika chapisho lolote, kabla ya kulinukuu, jiulize:

1. Nani amelitoa, na analipwa na nani: wasomaji, watangazaji, chuo, chama cha kazi, au serikali?
2. Nani ameandika makala haya, na anaijua kazi hii kwa njia gani?
3. Yameandikiwa nani: kila mtu, watu wa kazi moja, au watafiti?
4. Nani aliyapitia kabla hayajachapishwa: mhariri, wasomi wa fani hiyo, au hakuna?
5. Yanaonyesha yalikotoa habari zake, au yanasema tu "wataalamu wanasema"?
6. Toleo ni la tarehe gani, na kuna jipya lililotoka baada yake?

Swali la mwisho kwako mwenyewe: unataka kuthibitisha nini? Kama ni tukio, tafuta gazeti la habari la siku hiyo. Kama ni sheria au tangazo la shamba, tafuta Gazeti Rasmi. Kama ni namna ya kufanya kazi, tafuta jarida la watu wa kazi hiyo. Kama ni kipimo, tafuta jarida la kitaaluma. Unaponukuu, andika jina la chapisho, tarehe, nambari ya toleo na ukurasa. Kwa Gazeti Rasmi, andika nambari ya tangazo, ili karani au mwakilishi wadi aweze kulifikia bila kukutafuta.

Pa kupata machapisho haya

Matoleo ya Gazeti Rasmi, ya sasa na ya zamani, husomwa bila malipo katika tovuti ya Kenya Law. Matangazo mengi yameandikwa kwa Kiingereza. Kama lugha au simu ni kizuizi, mwombe kijana wa nyumbani au afisi ya wadi ikusaidie kutafuta kwa jina la marehemu au nambari ya shamba. Makala ya kitaaluma ya Afrika hutafutwa katika tovuti ya African Journals Online, na mengi husomwa bure. Magazeti ya zamani huhifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka za Taifa jijini Nairobi na katika maktaba kubwa.

Ukikosa stakabadhi iliyo mikononi mwa kaunti, kama nakala ya gazeti rasmi la kaunti au ya mswada, una haki ya kuiomba. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, na inamtaka afisa atoe uamuzi ndani ya siku 21. Andika barua fupi, taja stakabadhi unayoitaka na tarehe yake ikiwa unaijua, baki na nakala yenye muhuri wa siku ulipoipeleka, kisha anza kuhesabu siku.